Mgongo wa Baba Mkwe

Nikienda kumwona mgonjwa nyumbani kwa watu, sikai kwenye kiti nilichowekewa. Naingia, natoa pole, kisha nafunua shuka. Wanangu huona aibu. "Mama, watu watakuonaje?" Waone watakavyo. Mkono wangu unapita chini ya mgonjwa, pale juu ya makalio ambapo mfupa umekaribiana na ngozi, halafu nyonga, halafu visigino. Nikikuta joto mahali pamoja ambalo kwingine halipo, nasema hapo hapo mbele ya wageni na vikombe vyao vya chai: mgeuzeni huyu, mnamwozesha. Kuna nyumba ambazo hazijanikaribisha tena, na sijali.

Watu wakisikia kwamba nilikuwa nesi huuliza kama nilikuwa mkunga au nilikuwa wa sindano. Nawaambia nilikuwa nesi wa migongo. Wanacheka, wanadhani ni utani. Ujana wangu wote uliishia kwenye kazi hiyo, na ndoa yangu ya kwanza pia, kwa hiyo mimi sioni cha kuchekesha.

Nimezaliwa Igowole, kule Mufindi, kwa watu wa jembe. Miaka ya hamsini ilipoanza nikapelekwa Iringa mjini kujifunza uuguzi. Mwalimu wetu alikuwa Sista wa Kizungu, mrefu na mkavu, ambaye wakati wa vita aliuguza askari. Aliona vijana walioponea risasi wakaja kufia kwenye shuka safi. Jambo hilo lilimtia wazimu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini alichotaka kusema tulikielewa. "Hapana risasi," alikuwa akisema, akipiga ukingo wa kitanda kwa kiganja. "Kitanda naua."

Siku ya kwanza ya somo lake alitulaza sisi wanafunzi kwenye vitanda vya wagonjwa, kila mmoja na kifungo cha koti chini ya kiuno, akakataza mtu kujigeuza. Akaendelea kufundisha kama hatuoni. Mwanzoni tulicheka chinichini. Baadaye tulinyamaza, na mwishowe mwenzangu mmoja akaanza kulia na kuomba ruhusa ya kusogea hata kidogo tu. Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sista alihakikisha tumekilalia.

Alitufundisha kwamba mtu akilala mahali pamoja, nyama hubanwa kati ya mfupa na kitanda mpaka damu ishindwe kupita. Nyama hufa ikiwa ndani, kimya kimya, na ngozi ya juu bado nzima. Kidonda cha kitanda huanzia chini kikaja juu. Siku unapokiona kwa macho, chenyewe kimeshakula siku nyingi. Kwa Mzungu utaona wekundu mapema, alisema, ila kwa watu wenu msingoje kuona. Shikeni kwa mgongo wa mkono. Tafuteni joto, tafuteni ugumu. Basi tukajifunza kuona kwa mikono.

Katika darasa letu alichagua wachache akawafundisha kazi hiyo zaidi ya wengine, nami nikawamo. Tuliiita raundi ya migongo. Unasukuma kigari chenye beseni, sabuni, taulo, chupa ya spiriti na kopo la poda, unapita kitanda hadi kitanda. Unamgeuza mgonjwa, unamwosha, unamkausha, unamsugua, unakung'uta makombo ya ugali, unanyoosha shuka isibaki na kunjo hata moja, unamlaza ubavu mwingine. Ukimaliza kitanda cha mwisho unarudi cha kwanza. Siku hizi nasikia wataalamu wanasema ile spiriti na kule kusugua havikusaidia kitu, kilichosaidia ni kugeuza. Nakubali, maana mimi nilichokiamini zaidi ni kugeuza tangu zamani. Mtu akigeuzwa kwa wakati hafi kwa kitanda. Ni kazi ya kijinga kiasi hicho, na ndiyo maana hakuna aliyeiheshimu.

Nilipohitimu nikapelekwa Mbeya. Nilisafiri kwa lori, tukalala njiani Igawa kwa sababu ya gurudumu, nikafika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hospitali niliyopangiwa sitaitaja. Niliwekwa wodi ya wanaume, ambako hawakuwa wamezoea mwanamke kuwafunua. Wengine walivuta blanketi mpaka kidevuni wakaniambia nimwite mume wangu aje yeye. Niliwajibu kwamba sina mume, na nikiwa naye sitamwazima mtu. Baada ya majuma machache wakawa wanagombana nani aanze kugeuzwa.

Mume nilimpata hapo hapo Mbeya. Alikuwa karani, kijana wa Kinyakyusa kutoka milima ya Tukuyu, mwenye suruali iliyopigwa pasi na maneno laini. Nilimpenda, sina haja ya kudanganya. Tukapanga chumba na ua Mwanjelwa, na tulipokwenda kwao kutambulishwa ndipo nilipofundishwa kitu ambacho sisi watu wa Mufindi hatukuwa nacho kwa ukali ule.

Aliyenifundisha ni shangazi wa mume wangu, yaani dada yake baba mkwe. Mwanamke mwembamba, mgongo wima, sauti ya amri. Alinikalisha jikoni akanieleza. Mkamwana, yaani mke wa mwana, hamwangalii baba mkwe. Hakai naye chini ya paa moja. Hamsemeshi. Akikutana naye njiani anaingia porini, anajifunika kichwa, anangoja apite. Wao waliita jambo hilo ukutila, na maana yake ni kuogopa.

"Ukimwona uso, tumbo lako litafunga," alisema. "Hutazaa. Na yeye ataugua. Umesikia?"

Nilisikia. Nilikuwa mgeni, na mgeni hatukani mboga. Kwa hiyo katika ndoa ile yote sikuwahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Nilimjua kwa kikohozi. Kila alipokaribia nyumba tuliyofikia alikohoa mara mbili, kavu, ili nipate nafasi ya kutoka kwa mlango wa nyuma. Niliijua fimbo yake ikigonga mawe. Niliona nyayo zake kwenye tope, pana, dole gumba limejitenga na mengine.

Nilimjua pia kwa wema. Kila lori lililopanda kutoka Tukuyu lilileta mkungu wa ndizi, na aliyeuleta alisema, "Mzee anasema ni wa yule mtoto." Yule mtoto ndiye mimi. Jina langu naye hakulitamka. Siku moja tukiwa kule kwao nilikuwa jikoni peke yangu, mvua ya Tukuyu ikaanza, ile isiyojua kukata. Nikasikia kikohozi nje. Nikaanza kutafuta kanga nijifunike nitoke mvuani, lakini fimbo haikusogea. Nilichungulia kwenye ufa nikaona miguu tu, chini ya mgomba, maji yakiitiririkia. Alisimama pale mpaka mvua ilipopungua kwa sababu angeingia yeye, ningetoka mimi. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kunilowea mvua.

Sasa mzee huyo akateleza. Alikuwa anateremsha mkungu wa ndizi kwenye mteremko wenye matope, akaangukia kiuno, paja likavunjika juu kabisa. Wakamlaza kwenye lori juu ya majani ya mgomba, wakampandisha Mbeya. Nilikuwa na kigari changu katikati ya wodi niliposikia kelele mlangoni, na katikati ya zile kelele kikohozi, mara mbili. Miguu yangu ikajua kabla yangu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nimeacha mgonjwa wa watu ameloa sabuni.

Mguu wake ulivutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga ukining'inia mwisho wa kitanda, kama walivyotibu mapaja wakati ule. Maana yake ni kulala chali kwa majuma mengi. Daktari alifanya kazi yake vizuri, mfupa ukanyooka. Ila mimi nilipoambiwa jinsi alivyolazwa sikuwaza mfupa. Niliwaza pale juu ya makalio. Mzee mwembamba, anayelala chali, hawezi kujigeuza, na mtu pekee katika hospitali ile aliyewekwa kwa ajili ya mgongo wake ni mtu asiyeruhusiwa kumkaribia.

Na haikuwa kitanda chake tu. Shangazi alijiweka mlangoni mwa wodi na kanga yake imefungwa kiunoni. "Huingii," aliniambia. "Paa ni moja."

"Shangazi, mle ndani kuna wagonjwa wengine. Wananingoja."

"Wangoje. Kwani wao ni baba yako mkwe?"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Wodi nzima ilikaa bila kugeuzwa kwa sababu ya mkwe mmoja. Sista wa wodi, Mzungu mpole asiyependa makelele, alisikiliza, akaleta mapazia ya fremu, akakizungushia kitanda cha mzee kila upande. Wazee wa ukoo wakajadiliana nje kwenye majani. Wakaamua pazia ni ukuta, na ukuta unatenga paa. Nikaruhusiwa kuwahudumia wengine. Yeye angehudumiwa na dresa, yaani mfunga vidonda wa wodi.

Huyo dresa alikuwa Msafwa, mtu mzima, mwema, mwenye vidonda vya wodi mbili vya kufunga na sindano zote za kuchoma. Nilimfundisha. Mguu ukiwa umevutwa huwezi kumpindua mtu, lakini unaweza kumwinua kiuno, watu wawili, ukapitisha mkono, ukaosha, ukakausha, ukahamisha mito ili mfupa upumzike. Alielewa. Aliahidi kuja kila nipitapo mimi na raundi. Lakini shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya pazia, na alipokuja dresa alimnyooshea kidole.

"Amelala. Usimsumbue."

"Mama, sista amesema tumwinue."

"Sista gani? Yule mkamwana? Mgonjwa anataka utulivu. Nyie kazi yenu kupindua watu kama mnaoka ndizi."

Naye dresa, mwenye watu wengi wanaomsubiri, alishukuru kimoyomoyo akaenda zake. Shangazi alimpenda kaka yake. Nalisema hilo ingawa linaniuma ulimi. Alimpepea, alimlisha ndizi zilizopondwa kwa maziwa, alimfukuzia nzi. Alitaka alale kwa amani kwa sababu ndivyo mtu mkubwa anavyotunzwa kwao, akiugua watu wanapita kwa kunyata. Hakumtikisa wala hakuruhusu atikiswe, na kwa upendo huo alikuwa anamuua.

Nilimlilia mume wangu. Nilimpikia, nikangoja ashibe, nikamwambia, "Baba atapata kidonda cha kitanda. Sijakisia, najua. Niruhusu."

"Nikuruhusu nini?"

"Nimhudumie. Nitajifunga kitambaa machoni. Kazi yangu haitaki macho. Yeye afunikwe uso, mimi nifungwe uso, mkono wangu upite chini basi. Mgongo si uso."

Alitazama sahani yake. "Shangazi atasema mkono ni mbaya kuliko jicho."

"Nakuuliza wewe, sikumuuliza shangazi."

"Wataniambia nini nyumbani? Hatuna mtoto bado. Ukigusa, halafu usizae, nitasema nini?"

Hapo ndipo nilipomjua mume wangu. Mtu aliyekwenda shule, anayesoma gazeti, anayekwenda kanisani kila Jumapili kwa tai, na mila ikimsubiri mlangoni siku ya Jumatatu. Nilimwambia tumbo ni langu, kama kuna hatari naichukua mimi. Alisema tumbo si langu peke yangu. Kesho yake alimpelekea shangazi hoja yangu ya kitambaa, akarudi na jibu lile lile alilolitabiri. Nafikiri aliisema kwa namna ambayo isingekubaliwa.

Nikabaki na pazia. Niligeuza wanaume wa kushoto na wa kulia, nikisema kwa sauti maneno ambayo yalimlenga yeye. "Babu, shika kamba hii ya juu ujivute, upumzishe kiuno." Mgonjwa niliyekuwa naye alinitazama, maana kamba ya kujivutia ilikuwa kwenye fremu ya kitanda cha mzee tu. Nyuma ya pazia nilisikia fremu ya chuma ikilia kidogo, mzee anajivuta. Halafu sauti ya shangazi, "Tulia kaka, utajiumiza." Na chuma kikanyamaza.

Baada ya majuma kadhaa ikaja harufu. Aliyeijua kazi ile haisahau. Ni tamu kidogo, kama tunda lililosahauliwa kapuni. Wenzangu hawakuwa wameisikia bado, dawa za wodi zilikuwa kali. Nilisimama na taulo mkononi nikaisikia ikipita juu ya pazia, nikajua kwamba chini kule nyama imeshakufa. Nilimfuata Sista wa wodi, naye akaenda kwa shangazi, akamweleza kwa upole wake. Shangazi akamwambia harufu ni ya hospitali. Sista alipotaka kufunua blanketi, wanaume wa ukoo waliokuwa wamekuja kumwona mzee walisimama mbele yake. Sista akaogopa fujo wodini. Alimwagiza dresa asafishe asubuhi na jioni, akarudi mezani kwake.

Siku iliyofuata, jua likiwa juu, shangazi alikwenda kwenye vibanda vya kupikia nyuma ya hospitali. Ndugu wengine walikuwa bado hawajafika. Nilikuwa kwenye kitanda cha jirani. Kikasikika kikohozi nyuma ya pazia, mara mbili, kavu.

Mwili wangu ulizoea. Nikaacha taulo nikageuka kwenda mlango wa nyuma. Kikohozi kikarudi. Nikaongeza mwendo. Ndipo dresa akatoa kichwa nje ya pazia. "Sista, unakwenda wapi? Anakuita wewe. Amejifunika uso mwenyewe. Anasema, yule mtoto aje."

Niliingia. Mzee alikuwa amejivutia blanketi kichwani kote, amelishika kwa mikono miwili kwa ndani kana kwamba upepo ungelipeperusha. Nikamtazama kuanzia kifuani kwenda chini, sikuthubutu kupanda juu. Dresa akamwinua kiuno, nikapitisha mkono.

Mkono uliingia. Sitaeleza zaidi kwa watu wanaokula. Nilikuta shimo ambalo lingemeza ngumi yangu, na mwisho wake mfupa, na juu yake jani la mgomba lililokunjwa, ambalo shangazi alilitia pale ili lipoze. Nikaliondoa. Nikaosha, nikakata kilichokufa, nikajaza shashi. Machozi yananitoka na hasira imenijaa, maana hata ningekuwa na mikono ya malaika nisingekirudisha kilichokwisha kuondoka. Mzee hakulia. Nilipomaliza na kunyoosha shuka chini yake, sauti ikatoka ndani ya blanketi, ndogo.

"Ndaga," alisema. Asante.

Kwa siku kadhaa tulifanya hivyo, shangazi akienda jikoni. Kikohozi, blanketi, mkono. Homa yake ilianza kushuka kidogo. Nilianza, Mungu anisamehe ujinga wangu, kuwa na matumaini. Halafu siku moja shangazi alisahau chumvi, akarudi kuichukua, akanikuta mikono yangu imo chini ya kaka yake.

Yale makelele yalisikika mpaka barabarani. Ndugu wakajaa wodini. Mume wangu akaitwa kutoka ofisini, akaja na kalamu bado iko mfukoni, akasimama katikati yangu na wao, bila kuwa upande wowote. Mzee alijaribu kusema kitu ndani ya blanketi, hakuna aliyemsikiliza. Mtu mkubwa waliyemwogopa kumgeuza, kumbe hata maneno yake waliweza kuyapita. Walimfungua kamba ya mguu wakambeba, na daktari aliyekuja mbio akawaeleza kwamba paja limeshaunga na lingekaza vizuri zaidi akibaki. Walisikia hilo moja, kwamba limeunga. Wakashukuru, wakampakia kwenye lori, chali, juu ya mbao tupu, kuelekea Tukuyu kwa barabara na mashimo yake yote.

Alikufa kabla mwezi haujaisha. Mguu umepona.

Nilikwenda msibani. Mume wangu alisema nisiende, nikapanda lori lililofuata lake. Tukuyu nzima ilikuwa pale, ngoma na vilio, na mwili ndani. Mimi niliwekwa mbali, migombani, na wakamwana wengine waliojifunika kama mimi. Kutoka pale nilisikia shangazi akiwahutubia watu, na neno lake lilikuwa moja: mkono. Mzee alikuwa anapona, mguu umeunga kila mtu kaona, mpaka siku mkono wa mkamwana ulipomgusa. Tangu mkono huo uguse, kidonda. Watu wakaguna. Hesabu yake ilikuwa imenyooka. Kabla hawajanigundua mle ndani, wao hawakuwa wameona kidonda, na lile jani la mgomba shangazi hakulitaja.

Nilimtafuta mume wangu katika ule umati nikampata, amesimama karibu na shangazi. Alijua. Nilimwambia kwa kinywa changu kabla hakijawa kidonda, mbele ya sahani yake, kwa Kiswahili chepesi. Nikangoja aseme hata sentensi moja. Alitoa leso akafuta uso.

Wakamwana wenzangu wakawa wanasogea, kila mmoja akivuta kanga yake isigusane na yangu. Mmoja aliyekuwa karibu, msichana mdogo, aliniuliza kwa kunong'ona, "Dada, kweli ulimwona? Yukoje usoni?"

Nikamjibu kwamba sijui. Ndivyo ilivyo hata leo. Wote waliokuwa pale waliulilia uso waliouzoea. Mimi ningeweza kuwaeleza mgongo wake, uti ulivyopinda kidogo kushoto, alama ya kuungua begani, ile ngozi laini ya mbavu kama ya mtoto, na lile shimo. Hakuna aliyetaka kusikia habari za mgongo.

Baadaye, mimi nikiwa nimesharudi Iringa na kuolewa na mtu mwingine, tumbo hilo waliloliogopea lilizaa, likazaa tena, mpaka nikachoka. Sikumpelekea shangazi salamu. Lakini baada ya msiba ule, habari ya mkono ilifika Mbeya kabla yangu. Niliporudi wodini na kigari changu, wanaume wa Kinyakyusa walivuta blanketi mpaka kidevuni kama zamani, na safari hii hawakutania. "Sista, sisi tuache hivi hivi." Niliwaacha wiki ile, kisha nikahamishwa kwenda wodi ya wazazi. Wao walibaki hivi hivi, na niliisikia harufu kila nilipopita kwenye kibaraza.

Ila hayo yalikuja baadaye. Nataka kumaliza na siku ile, kwa sababu ndiyo ninayoiota. Mazishi yalikuwa ya kanisa, kwa jeneza la mbao. Walilileta uani kufunga kifuniko, na mimi nilikuwa migombani, nimefunikwa kichwa, naona ardhi na miguu yangu tu. Nikasikia sauti ya mwanaume inawaelekeza wenzake. "Mlazeni vizuri. Chali. Mnyoosheni, atulie."

Sijui nini kilinipata. Nilisikia sauti yangu ikitoka kabla sijaiamuru, kali, ile ya wodini.

"Msimlaze chali! Mgeuzeni! Ubavu, mlazeni ubavu!"

Ngoma zilisimama. Mume wangu ndiye aliyekuja. Alinishika mkono wa juu, kwa nguvu, akaniambia nyamaza, unatuaibisha. Akanitoa pale akanipeleka barabarani kungoja lori, na tulipokuwa tunatembea nilisikia nyuma yetu nyundo zinaanza kupiga misumari.

Walimlaza chali.